Mti Ulioshika Nafasi ya Tatu

Jina la mti ule sitalitaja. Mtu anaweza kudhani nalinda siri ya utafiti, au naona haya, lakini sababu ni nyingine. Nimeona jina la mti linavyofanya kazi likishatoka mdomoni mwa mtu. Nimeona pia miti ya kwetu ikichunwa magome mpaka ikakauka ikiwa imesimama, kwa sababu tu kuna mtu alisema hadharani kwamba inatibu kitu fulani. Itoshe kusema kwamba unaota juu kule msitu unakoanzia, upande wa nyumbani kwa mama mkubwa, na gome lake likikatwa hutoa harufu inayokaa vidoleni hata baada ya kunawa.

Kazi yangu ni kuchekecha dawa. Chekeche lenyewe hutaliona, maana kila kitu kimo ndani ya kompyuta. Wanakemia hutangulia kuchambua majani, mizizi na magome, wakaandika umbo la kila kemikali waliyoikuta. Mimi nachukua maumbo hayo, mamia kwa mamia, nayajaribisha moja moja kwenye umbo la protini inayoisaidia saratani ya matiti kukua. Protini hiyo ina kishimo, na kemikali itakayokaa vizuri ndani ya kishimo hicho huenda ikaizuia isifanye kazi yake. Ni kama mtu mwenye sufuria lililopoteza mfuniko, akashinda anajaribu mifuniko ya jirani zake wote. Mwishoni kompyuta inazipanga kemikali kwa alama, kuanzia iliyoshika vizuri mpaka iliyoshindwa kabisa. Baada ya hapo inakuja maabara, zinakuja seli, panya, watu, miaka mingi, na kemikali nyingi huishia njiani. Hapa nayasema haya kwa upole. Nyumbani niliyasema kwa kufoka.

Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Aliugundua mwenyewe akioga, akaunyamazia msimu mzima wa karoti, kwa madai kwamba shamba haliwezi kumsubiri mtu anayejipapasa. Nilipojua, nilimpeleka hospitali kubwa ya rufaa, mbali na milima yetu. Wakachukua kinyama cha kupima, majibu yakatoka: ni saratani, ya aina inayolishwa na homoni za mwili, na bado haijavuka titi na kwapa. Wangeanza na dripu za dawa kali ili kuupunguza uvimbe, kisha upasuaji. Daktari alimtazama mama usoni akamwambia asichelewe, maana ikishavuka hapo habari itakuwa nyingine. Tukapewa tarehe ya dripu ya kwanza, tukarudi Lushoto kusubiri.

Niliomba ruhusa kazini nikae naye. Hesabu zangu hufanywa na seva iliyoko mbali, mimi nahitaji mtandao tu, na nyumbani kwetu, kwenye mteremko wa upande wa Irente, mtandao unapatikana ukikaa kwenye benchi la nje, ubavuni mwa banda la kuku. Hapo ndipo nilipoweka ofisi. Ilikuwa miezi ya baridi. Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia mpaka jikoni, nami nimevaa sweta mbili, kompyuta mapajani, kuku wakinichungulia miguuni. Mama alikuwa akipita na beseni la maganda ananicheka, ati mwanawe kasoma miaka yote ile ili aje kulinda kuku.

Siku moja hakupita. Alisimama nyuma yangu akatazama skrini. Alijua kwamba orodha niliyokuwa nayo ilikuwa ya miti ya Usambara, ile ambayo watu wa kwetu huitumia, na alitaka kujua kama mti wa dada yake umo. Nikamwambia umo. Akauliza umepata ngapi. Nikashuka na kidole mpaka mahali pake, wala sikuhitaji kushuka sana. Kemikali moja ya gome lile ilikuwa imeshika nafasi ya tatu.

"Wa tatu," alisema mama.

Hakuuliza zaidi. Mama amesomesha watoto kwa kabichi na hoho, na kwake karatasi yenye majina yaliyopangwa kwa nafasi ina maana moja tu. Mtoto akiwa wa tatu darasani, unachinja kuku. Wa tatu anafaulu, anakwenda shule ya bweni, anarudi na kazi. Niliuona uso wake ukifunguka, nikaanza papo hapo kumweleza kwamba huu si mtihani wa mwisho, ni wa majaribio, tena wa kwenye karatasi. Kwamba kwenye kompyuta yangu hakuna damu, hakuna tumbo, hakuna titi, kuna umbo moja na kishimo kimoja. Aliniitikia kila neno. Ndiyo, mwanangu. Nimeelewa, mwanangu. Mama ni mbishi hata kwa bei ya chumvi, na akikubali haraka kiasi hicho ujue ameshaamua lake.

Haikupita wiki, mama mkubwa akaanza kuja. Ni dada mkubwa wa mama, mfupi, mwenye maneno, anayepanda milima na kikapu kichwani huku akiwacheka vijana wanaohema. Hajiiti mganga, na ukimwita mghanga, kama tunavyosema kwa Kishambaa, anakasirika kweli. Anajua miti michache tu aliyoachiwa na bibi, anawapa ndugu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanitania kwamba nimekonda kwa kutazama taa, akapita moja kwa moja jikoni. Mlango ukafungwa. Muda si mrefu nikaisikia harufu ile ikitoka na moshi.

Dawa ya miti kwetu ina masharti yake, na katika ukoo wetu makubwa ni mawili. La kwanza, anayeinywa haitaji, hata kwa mtu anayelala naye nyumba moja. La pili, haishukuru. Aliyekuletea humwambii asante mpaka siku utakapomaliza kabisa kuitumia. Ukiitaja, imeondoka. Ukiishukuru, umeiaga. Nimekulia ndani ya masharti hayo, nikanyweshwa dawa za tumbo bila kusema neno, na mpaka leo nikinunua dawa ya kikohozi dukani ulimi wangu husita kidogo kabla ya kusema asante. Kwa hiyo harufu ile ilinitosha. Na kwa masharti hayohayo sikuweza kuuliza, maana kumuuliza kungekuwa kumlazimisha ama adanganye, ama aiue dawa yake kwa mdomo wake.

Nilikaa pale bandani nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani. Mama mkubwa? Alileta alichoombwa. Mama? Alikuwa anaogopa kufa, na mtu anayeogopa kufa hupapasa kila upande. Nikaielekeza kwenye kazi. Kuna jambo ambalo kwa kawaida tunalifanya baadaye, zikishabaki kemikali chache: kuangalia kila moja itafanya nini kwenye ini. Dawa ikiingia mwilini lazima ivunjwe itolewe, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na ini kwa vimeng'enya vyake. Dawa za dripu aliyokuwa anaisubiri mama zinavunjwa na kimeng'enya kimojawapo. Nikaichukua kemikali ya gome, nikaijaribisha kwenye kimeng'enya hicho, nikaiachia seva, nikaenda mtoni kumsaidia mama kuosha karoti.

Niliporudi majibu yalikuwa yananisubiri. Kemikali ile ilikuwa imekaa kwenye kimeng'enya cha ini vizuri sana, vizuri kuliko ilivyokaa kwenye protini ya saratani. Nilifuta nikarudia, na majibu hayakubadilika. Mikono yangu ilikuwa bado na tope la karoti. Kama mwilini nako ingekaa hivyo, ini lingekuwa limezibwa mlango, na dawa kali za dripu zingebaki ndani ya mama zikirundikana badala ya kutoka. 

Nilimfuata jikoni. Sikuutaja mti. Nilisema kile anacholeta mama mkubwa, nikamweleza habari ya ini, taratibu kadiri nilivyoweza, ingawa si taratibu sana, maana mimi subira sina. Mama alikuwa anamenya viazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kisu chini.

"Juzi uliniambia mashine yako inabahatisha," alisema. "Leo imekataza, imeacha kubahatisha?"

Nimewahi kusimama mbele ya maprofesa wakinihoji kazi yangu, na hakuna aliyewahi kunibana namna ile. Alikuwa na haki. Ni kompyuta ileile, hesabu zilezile, na mimi nilikuwa nimeikataa ilipotoa habari njema nikaikumbatia ilipotoa habari mbaya. Nikamwambia inabahatisha kote kuwili. Ila ikikosea kwenye kuponya, uvimbe utaendelea kukua huku yeye anakunywa maji machungu, na ikiwa imepatia kwenye ini, dripu itamuua. Ningependa kuandika kwamba neno hilo la mwisho sikulitumia. Nililitumia, tena kwa sauti ya juu, na kuku wakaruka huko nje.

Akaniuliza nataka afanye nini. Nikasema aache, na amwambie daktari alichokuwa anakunywa, kwa jina, ili wajue waanze lini na waangalie nini. Akatikisa kichwa. Aliongea polepole, kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda dukani.

"Nikiitaja imekwisha. Halafu hiyo dripu yenu ikinishinda, nitashika nini?"

Kisha akaongeza kwamba nikithubutu kumwambia daktari mimi, atashuka kitandani palepale na kurudi nyumbani, na hakuna atakayempandisha tena. Mama haongei maneno ya kutishia. Akisema atarudi, anarudi.

Nikapanda mpaka kwa mama mkubwa kumwomba asilete tena. Alinikaribisha chai, akaniambia yeye hajawahi kuleta kitu, labda nilimwota. Nilipoanza kulia kwa hasira aliacha utani. Akasema mdogo wake akimwomba kitu akiwa mgonjwa hawezi kumnyima, hata angekuwa ameomba mwezi, na kwamba kama nataka mama aache nikazungumze na mama. Nikashuka mlima nikiwa nimechoka kuliko nilivyopanda.

Siku zilizobaki tuliishi kwa adabu ya ajabu, kama wageni wawili waliopangiwa chumba kimoja. Tulizungumza habari za plamu, za bei ya hoho, za barabara. Nilikuwa nikimtazama ngozi na macho kila asubuhi, nikitafuta manjano, nikijifanya natafuta kitu kingine. Yeye alikuwa akinitazama nikimtazama. Mlango wa jikoni uliendelea kufungwa.

Tulipoondoka alibeba chupa ndogo ya chai ndani ya kikapu chake, akakiweka mapajani, hakutaka nikibebe. Barabara ya kushuka Mombo ina kona nyingi, na katika kila kona aliishika chupa ile kwa mikono miwili. Bondeni joto likatupokea, mashamba ya mkonge yakafuata, nami nikawa nahesabu maneno. Nitasema nini akikataa kusema? Nikinyamaza, naweza kumzika. Nikisema, atarudi milimani na uvimbe wake, na hapo pia naweza kumzika, polepole zaidi. Nilijaribu kuzipima njia hizo mbili kwa namna ninavyopima kemikali, na hakuna iliyoshika nafasi ya kwanza.

Jioni hiyo hospitali walimtoa damu, kisha tukalala kwa ndugu. Asubuhi aliswali, akafunga ushungi wake mzuri, na nilipoingia kumwita nikakuta kifuniko cha chupa kimelowa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mdogo kwangu. Alimwamkia mama shikamoo, akamuuliza habari za safari na za baridi ya Lushoto, akafungua majibu ya damu ya siku iliyotangulia. Akasema kwa jumla ni mazuri. Vipimo vya ini vimepanda kidogo, si sana, huwa inatokea. Niliposikia kidogo, nilikitazama kikapu. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza swali hilo kila siku, kama kuna dawa nyingine yoyote anayotumia, ya dukani au ya miti.

"Hapana," alisema mama.

Mama yangu hakosi swala. Alinichapa nikiwa mdogo kwa kusema nimekula wakati sijala. Alisema hapana akiwa ameangalia mikono yake, na kikapu kilikuwa miguuni pake, na harufu ile ilikuwa imejaa chumba kizima, au pengine ilikuwa puani mwangu tu. Daktari alianza kuandika. Kisha akainua kichwa akanigeukia mimi.

"Wewe unaishi naye, dada. Ni kweli hatumii kitu?"

Mama naye akanigeukia. Hakunikazia macho, hakunionya. Alinitazama tu, akisubiri kujua mwanawe ni mtu wa namna gani. Nilifungua mdomo nikiwa sijui litatoka lipi kati ya ndiyo na hapana. Nilichosema sikuwa nimekipanga kwenye kona yoyote ya barabara ile.

"Daktari, naomba umuulize tena."

Sauti ilikatika katikati. Mimi si mtu wa kulia mbele ya mama. Tangu tumzike baba hakuwahi kuniona nikilia. Machozi yalishuka tu, bila kilio, nikawa nayafuta kwa kiganja kama mtu anayefuta jasho. Mama aliyatazama kwa muda. Nadhani mpaka dakika ile aliamini kwamba nabishana naye kama nilivyobishana naye maisha yangu yote, kwa kupenda kushinda. Nadhani hapo ndipo alipoona kwamba naogopa kama anavyoogopa yeye.

Daktari hakuuliza kitu kuhusu mimi. Aliweka kalamu chini, akarudia swali lake polepole, neno kwa neno.

Mama akautaja mti. Aliutaja kwa Kishambaa, kwa sauti ndogo. Daktari hakuwa mtu wa kwetu, hakulipata jina, akaomba arudie. Mama akarudia. Daktari akajaribu kuliandika, akakosea, akamwomba amtajie polepole. Jina ambalo hakutakiwa kulitaja hata mara moja, ilimbidi alikatekate vipande vipande mpaka likakaa sawa kwenye faili. Nilitamani nimsaidie, lakini jina lile ilibidi alitoe mwenyewe. Akaeleza pia kwamba ni gome, kwamba linachemshwa, kwamba asubuhi ile amekunywa kikombe.

Daktari hakumgombeza. Alisema ni vizuri amesema, akaisogeza mbele dripu ya kwanza ili gome litoke mwilini na ini lipimwe upya, akamweleza kwamba katika siku hizo za kusubiri asiguse kitu kingine chochote. Hakusema kama kweli gome lingemdhuru. Hakujua. Mimi pia sijui mpaka leo. Pale mezani hakukuwa na anayejua.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la korido. Mama aliniomba simu, maana yake haikuwa na salio, akampigia dada yake. Mama mkubwa alipokea kwa kelele zake za kawaida, nikamsikia mpaka mimi, akiuliza habari za safari, akiuliza kama tumekula. Mama alimwacha amalize.

"Dada," alisema, "asante kwa dawa."

  Nikamsikia mama mkubwa anavuta pumzi, kisha akaitikia neno moja la Kishambaa ambalo watu wa kwetu huwaambia wanaofunga safari ndefu. Simu ikakatika.

Mama alinirudishia simu, akainama, akatoa chupa ya chai kwenye kikapu akanipa. Akaniambia nikaimwage. Nilikwenda kwenye sinki mwisho wa korido, nikamwaga kilichobaki, nikafungulia maji mpaka weusi wote ukaisha. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikanusa vidole, nikanawa tena. Harufu haikutoka.

Niliporudi alikuwa amekaa palepale, mikono mitupu mapajani, akitazama mlango wa chumba wanakotundikia dripu. Kwa mara ya kwanza tangu auguze titi lile alionekana mzee. Nikakaa karibu yake mpaka mabega yakagusana. Hakunigeukia.

"Haya," alisema. "Imebaki ya kwenu tu."